Tiketi Kwenye Kioo

Walikuwa wameshavuka reli, na Kinyozi bado alikuwa na nywele za mteja wa mwisho kwenye mikono ya shati lake. Mama yake alimshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni, umeng'ang'ania tiketi mbili za karatasi.

"Punguza mwendo," mama alisema. "Wa kukimbia leo ni wachezaji."

"Tumechelewa, mama."

"Tumechelewa kwa sababu ulikuwa unanyoa."

Ni kweli. Tangu asubuhi kila shabiki alitaka kichwa kipya kwa ajili ya mechi, na Kinyozi hajui kumwambia mteja hapana. Mama alikuwa amekaa tayari kwenye benchi la kibanda, amevaa, pochi mapajani, akisikiliza mashine ya kunyolea inavyolia. Kila mteja alipoinuka, na yeye aliinuka. Kisha mwingine aliingia, naye akakaa tena.

Mtaani mama huyu anaitwa Bibi Dobi. Alifua jezi za timu ya jezi nyeupe tangu Kinyozi anatambaa mpaka Kinyozi akaota ndevu. Jezi zililetwa nyumbani kwenye magunia baada ya kila mechi. Wakati mechi yenyewe inachezwa, yeye alikuwa nyumbani anafua za mazoezi. Hakuwahi kukanyaga uwanjani. Lakini mechi alizijua kwa madoa. Akikuta majani kwenye nyonga ya kushoto ya namba sita, alijua mawinga wa upande wa pili walikuwa wepesi. Akikuta jezi ya kipa haina kitu, alifua huku anaimba. Wenzake walisikiliza matokeo redioni. Yeye aliyakuta kwenye beseni.

"Namba sita nimemfua miaka yote," alizoea kusema, "lakini sijawahi kumwona akianguka."

Baadaye klabu ikanunua mashine za kufulia, na magunia yakaacha kuja. Kisha macho yakaanza kusumbua. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kama angeitumia kila siku bila kuruka. Kwa sasa Bibi Dobi aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Katikati palionekana, pembeni pote giza. Mwanawe alipomuuliza anataka nini, hakutaka gauni wala safari. Alitaka kuiona jezi nyeupe inavyochafuka, angali anaweza.

Kinyozi akanunua tiketi mbili za mechi ya mwisho, ile ya kuamua ubingwa. Alizinunua kwa wakala wa klabu, mahali panapotakiwa. Hapo hakukosea. Alikosea baadaye.

Getini watu walikuwa wamebaki wachache. Ndani uwanja ulikuwa unanguruma. Dada wa geti, mwenye koti la njano na kimashine mkononi, alikisogeza kwenye tiketi ya juu. Kimashine kikawaka taa nyekundu. Akaifuta tiketi kwa kidole, akajaribu tena. Nyekundu.

"Hii imeshaingia," alisema.

Kinyozi akacheka. Akamwambia tiketi haina miguu, imeingiaje nayo iko mkononi mwake? Dada wa geti hakucheka. Aliwasogeza pembeni ili wengine wapite, kisha akajaribu ile ya pili. Hiyo ikawaka kijani.

"Hii moja ni nzima," alisema. "Lakini ya kwanza kuna mtu ameshaingia nayo."

"Dada, nimezinunua kwa wakala. Zote mbili. Siku moja."

"Kaka, sikuiti mwongo. Njoo uone." Akamwonyesha mraba mdogo uliochapwa kwenye kona ya tiketi, umejaa vidoa vyeusi. "Mashine haisomi kitu kingine, inasoma hivi vidoa tu. Haikujui wewe, haimjui mama. Haijui hata kama hii ni karatasi au ni picha kwenye simu. Atakayetangulia na vidoa hivi ndiye anayepita. Anayefuata anakataliwa, hata kama ndiye aliyenunua."

Bibi Dobi alikuwa amekaza uso upande wa sauti. "Kumbe na nyie mnasoma madoa," alisema.

"Tunasoma, bibi. Sasa niambieni, nani mwingine ameiona tiketi hii?"

"Hakuna," alisema Kinyozi.

"Hakuna?" mama akadakia. "Mwanangu, ameiona mtaa mzima."

Kinyozi akakumbuka kioo. Siku aliyonunua tiketi alizibandika kwa selotepu kwenye kona ya kioo cha kibanda, moja juu ya nyingine, kama watu wanavyotundika cheti cha ufundi. Alitaka kila anayekaa kitini aone kwamba anampeleka mama yake uwanjani. Na pale kibandani kuna desturi. Anayemaliza kunyolewa husimama mbele ya kioo, hupigwa picha, na Kinyozi huiweka mtandaoni. Ndilo tangazo lake. Hana jingine.

Akatoa simu. Dada wa geti akazipitia picha moja moja. Kila picha ilikuwa na kichwa kinachong'aa, na pembeni ya sikio, tiketi. Aliivuta moja kwa vidole viwili ikawa kubwa. Vidoa vyote vilionekana. Akaweka kimashine chake juu ya picha ile, na taa nyekundu ikawaka vilevile.

"Umeona? Imesomeka. Yeyote aliyeitazama picha yako angeweza kuingia. Hii ya chini imepona kwa sababu ilifunikwa na mwenzake."

Kinyozi aliitazama simu kama mtu aliyekata sikio la mteja. Akaomba basi wamfuate huyo mtu kwenye kiti, wamtoe. Dada wa geti aliongea na simu ya upepo. Jibu lilirudi baada ya muda. Kiti kilikuwa kitupu. Aliyeingia alijichanganya na watu mahali pengine, na hakuna aliyemjua sura. Uwanja ulikuwa umehesabiwa umejaa, na mlango usingeweza kumpitisha hata mmoja zaidi ya tiketi zilizo nzima.

Basi ikabaki tiketi moja.

"Ingia, mama," alisema Kinyozi.

"Nitaingia na nani? Ngazi sizioni. Watu wa pembeni siwaoni. Nikiteleza nitaangukia giza."

Dada wa geti alisema angempeleka mwenyewe, lakini haruhusiwi kuliacha geti mpaka mechi iishe, na wenzake wote walikuwa kwenye milango yao. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ingia wewe," mama alimwambia mwanawe. "Ukatazame, utoke unieleze."

"Nikatazame nini, mama? Mimi nimekuja kukutazama wewe ukitazama."

Walibishana pale kwa sauti ya chini, kila mmoja akimsukumia mwenzake karatasi. Ndipo akaja kijana mmoja mwenye kofia, akimwita Kinyozi bosi. Alisema anayo tiketi moja ya upande wa jukwaa kuu, mtu wake ameugua, na angeitoa kwa bei ya kusaidiana. Kinyozi aliishika. Ilikuwa nzuri, karatasi nzito, nembo inang'aa. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Kaka," aliita dada wa geti bila kugeuka. "Karatasi kama hiyo leo imeletwa kwangu mara nyingi, na kila aliyeileta alirudi nyumbani. Mwambie huyo bosi wako aje tuijaribu pamoja hapa."

Kijana alichukua karatasi yake na kuondoka bila kuaga.

Filimbi ikalia ndani. Geti likafungwa.

Dada wa geti aliwatolea benchi la mbao kutoka kwenye kibanda cha walinzi, akaliegemeza ukutani. Mama na mwanawe wakakaa. Ukuta ulitetemeka mgongoni mwao kila watu walipopiga miguu. Bibi Dobi aliweka kiganja kwenye matofali na kukiacha hapo. Juu ya ukuta taa za uwanja zilionekana, na chini ya taa anga tupu. Hakuna zaidi.

"Wameshambulia," alisema Kinyozi kelele zilipopanda.

"Nani?"

"Sijui."

Kelele zikapanda, zikashuka. Mahali fulani nyuma ya ukuta ule palikuwa na jezi nyeupe, na mtu alikuwa anaanguka nayo kwenye majani.

"Kiti changu kiko humo," mama alisema. "Kimekaa peke yake."

Tiketi nzima ilikuwa bado mfukoni mwa Kinyozi. Alitamani mama angemgombeza. Mama alikuwa amefumba macho, na hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu macho yale hayakuwa na muda wa kufumbwa.

Dada wa geti alipopata nafasi alikuja akachuchumaa mbele yao. Aliwaeleza mambo ambayo wangeyajua mapema yangewasaidia. Tiketi haibandikwi wala kupigwa picha, hata kwa furaha. Inafichwa kama ufunguo wa nyumba mpaka mtu afike getini. Mtu aje geti linapofunguliwa, si linapokaribia kufungwa, maana tiketi ikiwa na tatizo, mapema kuna mtu wa kulishughulikia. Risiti ya wakala itunzwe. Na jambo moja ambalo Kinyozi hakulijua kabisa: asiyeona vizuri anawekewa nafasi chini, karibu na mstari, pamoja na mtu wa kumwongoza. Lakini ofisi ya klabu iambiwe siku kadhaa kabla.

"Karibu na mstari," Bibi Dobi alirudia. "Mtu akianguka pale utamwona?"

"Utamsikia mpaka pumzi, bibi."

Mechi ilipoisha uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Kinyozi aliinuka, akakaa. Timu ya jezi nyeupe ilikuwa imetwaa ubingwa. Mageti yakafunguliwa, watu wakamwagika wakiimba, wakakumbatiana na kila waliyemkuta. Mzee mmoja alimkumbatia Bibi Dobi akamwuliza, umeliona lile bao, mama? Akamjibu kwamba amelisikia.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kibandani. Kinyozi alimshuku kila mteja. Kila kichwa kilichokaa kitini alikitazama mara mbili, akijiuliza kama ndicho kilichoingia na tiketi ya mama yake. Mazungumzo yakakauka. Mama alikuja siku moja, akakaa benchi lake.

"Utavinyoa vichwa vyote kwa hasira?" aliuliza. "Mwizi simjui. Aliyebandika namjua, naye ni mwanangu. Nunua nyingine."

Ligi ilipoanza upya, Kinyozi alikwenda ofisi ya klabu kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Alieleza habari za macho ya mama. Karani alimwandikia nafasi mbili, chini, karibu na mstari. Tiketi zilikuja kwenye simu, na simu aliiweka kwenye droo ya wembe na kuifunga. Wateja walipouliza ataenda mechi gani, aliwaambia wageuze kichwa upande wa pili. Siku ya mechi aliandika kwa chaki mlangoni: LEO HAKUNA KUNYOA. Kuna waliogonga. Hakufungua.

Mama hakuruka dawa hata siku moja muda wote huo. Tundu la ufunguo lilikuwa limepungua, lakini lilikuwepo.

Walifika geti likiwa ndiyo linafunguliwa. Dada wa koti la njano alikuwepo. Kimashine kikawaka kijani, kikawaka kijani tena. Alimshika Bibi Dobi bega, akampitisha.

Chini kule uwanja ulikuwa mkubwa kuliko macho yake. Wachezaji wote hawakuenea kwenye tundu. Kwa hiyo alichagua mmoja, namba sita, ambaye sasa alikuwa kijana mwingine kabisa, na akamfuata yeye tu, kichwa kikienda huku na huku. Mabao hakuyaona. Kinyozi alimweleza, naye akamnyamazisha kwa mkono.

Karibu na mstari, namba sita alimzuia winga akaanguka kwa ubavu. Aliteleza mpaka karibu na miguu yao. Aliposimama, nyonga yake ya kushoto ilikuwa kijani.

Bibi Dobi alivuta pumzi ndefu. "Wasiloweke maji ya moto," alisema. "Doa la majani likipigwa na moto halitoki tena."

Msimu ule timu haikupata kombe. Kijana mwenye kofia alikamatwa getini na karatasi zake. Aliyeingia na picha ya kwenye kioo hakujulikana. Dada wa geti amehamishiwa ofisi ya tiketi, na huwaeleza wanunuzi yale aliyowaeleza wale wawili kwenye benchi. Kinyozi bado ananyoa na bado anapiga wateja picha, lakini wanasimama mbele ya ukuta mtupu. Namba sita ameuzwa timu nyingine. Bibi Dobi haoni tena jicho la kushoto. La kulia linaona kidogo, na dawa anaweka. Siku za mechi anakaa kibandani kwenye benchi lake na redio, na mtangazaji akisema namba sita ameanguka, anauliza ni kwa upande gani.