Palizi Isiyo na Watu

Msimu wa palizi ulifika, lakini hakuna aliyemwita mjane mmoja aliyeishi kwa vibarua vya jembe. Mjane yule aliamka mapema kama kawaida yake, akashika jembe, akasimama mlangoni. Njia ilikuwa kimya. Zamani, saa kama hizo, wanawake wangekuwa wakipita wakitaniana, na wifi yake ndiye aliyekuwa akimpitia.

Sasa wenye mashamba walipanda mbegu mpya ya mahindi. Wataalamu waliitengeneza ili isife ikipuliziwa dawa ya magugu. Mtu mmoja mwenye bomba la dawa alimaliza shamba kabla jua halijawa kali. Vibarua wa jembe hawakuhitajika tena. Wifi alikwenda mjini kufanya kazi za ndani. Mjane akabaki akiongea na kuku.

Siku moja bibi shamba alipiga hodi.

"Karibu, mwanangu."

"Asante, mama. Nakagua mahindi mapya. Yanaendeleaje hapa kijijini?"

"Mahindi hayana neno. Mwenye neno ni mimi."

Bibi shamba akavuta kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mbegu haipimwi kwa magunia tu. Nani amepumzika? Nani amekosa kibarua? Mwakani mbegu itatoka wapi, na nani ameamua ipandwe? Hayo huulizwa kabla ya kupanda. Huku tumechelewa."

Akaitisha mkutano kwenye ghala la kijiji. Jirani mwenye shamba kubwa alisema, "Mimi mbegu hii siiachi. Mgongo wangu umepata nafuu, na mke wangu anapata muda wa kukaa na watoto."

"Sikwambii uiache," mjane alijibu. Alikuwa hajasema mbele za watu tangu amzike mumewe. "Nauliza tu, sisi tuliokuwa tukipalilia twende wapi?"

Jirani akainamisha kichwa. "Kweli, hilo sikuliwaza."

Wakakubaliana. Kazi ya kukausha na kupukuchua mahindi ghalani wapewe kwanza waliokosa palizi. Anayetaka mbegu ya zamani aachwe apande. Na ikija mbegu nyingine ngeni, kila nyumba iulizwe kwanza.

Baada ya mavuno, mjane alikaa ghalani na wenzake, ungo magotini. Lakini nyumbani ukimya ulikuwa ule ule. Jioni akampigia wifi simu.

"Wifi, huku kazi ipo."

Wifi akauliza, "Na nafasi yangu je?"

"Ipo kando yangu. Sijamruhusu mtu kuikalia."

Wifi alirudi na mzigo mdogo. Kesho yake walikwenda ghalani wakiwa wawili.