Dakika Nne za Mama

Fundi wa kompyuta alikigusa kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili akakuta kina joto, kama paji la mtoto mwenye homa. Waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa pembeni. Haukuwa umechomekwa tangu mama yake azikwe, miaka mitatu nyuma.

Mle ndani kulikuwa na sauti ya marehemu, dakika nne, ambayo fundi aliirekodi mwenyewe kando ya kitanda chake: "Mwite dada yako. Mwambie sina kinyongo naye." Fundi hakumwita. Yeye na dada yake walikuwa wamegombana, akajisemea kesho, na kesho haikumkuta mama. Dada alipoomba asikie maneno ya mwisho, alimjibu, "Kisanduku cha zamani hiki, dada. Kompyuta mpya hazikisomi." Ilhali kazi yake ya kila siku ilikuwa kuvifufua vikongwe kama hivyo, kwa programu ya kale aliyoitunza kwenye kompyuta kuukuu!

Sasa kisanduku kikaanza kukwaruza mchana kweupe. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile ile aliyokuwa akimpaka mama magotini, na kila alipohama chumba harufu ikamfuata, na mkwaruzo ukamfuata, mpaka siku ya tatu, akiwa amekaa mlango wazi na jua limejaa ndani, akasikia katikati ya mkwaruzo ule mtu anavuta pumzi, taratibu, kama anayejiandaa kusema.

Akamwita dada yake. Akakiri yote huku machozi yakimtoka. Dada hakumtukana.

"Fungua," alisema tu.

Akakiunganisha kisanduku na ile kompyuta kuukuu. Programu ikafunguka, mama akasema maneno yake, dada akajifunika uso kwa mtandio. Dakika ya nne ikaisha.

Sauti haikuisha.

"Mama?" dada alinong'ona.

"Nipo, mwanangu. Sogea."

Fundi akaiangalia kompyuta. Kwenye kioo, faili lilikuwa limefika mwisho na kusimama. Akachomoa nyaya zote. Sauti ikacheka kidogo, na mama hakuwahi kucheka vile.

"Dada, huyo si mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, kavaa sauti yake. Nakuapia!"

"Juzi hakisomeki, leo si mama." Dada alikikumbatia kisanduku kifuani. "Mdogo wangu, nikuamini lipi?"

Akatoka nacho nje. Fundi alibaki mlangoni akimtazama dada yake anavyoingia barabarani, kichwa kimeinama, akiitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," bila kuangalia magari.