Patasi ya Mashoto

Haya yalimpata rafiki yangu seremala, na mkono wake nimeuona kwa macho yangu.

Kaka yake, naye seremala, alizikwa asubuhi. Mchana huohuo rafiki yangu alikuwa kwa mjane, anabeba sanduku la vifaa vya marehemu.

"Shemeji, niachie japo patasi yake," mjane akamwomba.

"Utachonga nini, vitunguu?" Akacheka, akaenda zake.

Jioni, karakanani mwake, akaipitisha patasi kwenye jiwe la mafuta la kunolea, kisha kwenye ukanda wa ngozi, akaijaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono, kama maseremala wafanyavyo. Yeye hushikia kulia, kwa hiyo hunyoa mkono wa kushoto. Marehemu alikuwa mashoto. Kiraka chake cha kunyolewa kilikuwa mkono wa kulia, na rafiki yangu, mdogo wake, alimcheka kwa hicho hadi siku ya kufa kwake.

Umeme ukakatika. Karakana haina dirisha. Akapapasa mezani, patasi haipo. Kisha akausikia ukanda: shwaa, shwaa, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka.

"Nani?"

Chuma cha baridi kikamgusa.

Umeme uliporudi, mkono wake wa kulia ulikuwa na kiraka cheupe, upana wa patasi, kinanuka mafuta ya jiwe.

Kesho yake alikimbia kuirudisha. Mjane hakuipokea.

"Kaa nayo tu, shemeji. Mwenyewe anajua ilipo."

Tangu hapo, kila akiamka kiraka kimepanda. Juzi alifungua vifungo vya shati anionyeshe. Kimeshavuka kifua, na kooni ndevu zimeanza kuondoka.