Plagi Nne za Gari la Baba

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Shikanga, fundi wa magari hapa Malava, nikiwa na gari la Baba na plagi nne mpya. Nilikuwa nimezichagua mwenyewe. Gari la turbo linataka plagi ya baridi, isiyohifadhi joto, na mwanya wake uwe mdogo. Nilisoma. Sikwenda chuo kikuu ili niuziwe ujinga sokoni.

"Hizi ndizo zenyewe, madam," Shikanga alisema. Hakuzipokea.

"Basi zitie. Eugene amebanwa na pumu tangu asubuhi. Ambulensi eti iko njiani tangu saa nane."

Eugene ni ndugu yangu. Tulibaki wawili tu. Siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi ya Baba, wazee walimvika koti lake wakampa na funguo za gari. Tangu siku hiyo gari linakohoa. Naye pia.

Fundi akazitoa plagi za zamani. Nyeusi tititi, zimelowa petroli.

"Ukiweka mpya itavuta," alinong'ona. "Itavuta sana."

"Si ndiyo kazi ya turbo, kuvuta hewa?"

"Hewa ya nani, Quinter?"

Nilicheka. "Ukitaka uganga, vua ovaroli kwanza."

"Mzee wenu alikata roho kwenye hicho kiti injini ikiwaka. Ilinguruma usiku kucha, hakuna aliyeizima. Mimi hiyo gari naogopanga."

"Zitie."

Akazitia.

Injini ikawaka mara moja, laini. Nikapitia nyumbani, nikamlaza Eugene kiti cha nyuma, tukashika barabara ya Kakamega. Kwenye mlima nikakanyaga mafuta. Turbo ikapiga mluzi.

Fiiii...

Nyuma yangu, kifua cha Eugene kikapiga mluzi uleule. Kisha wa kwake ukakatika.

"Eugene?"

Harufu ya petroli... na tumbaku ya Baba.

Kwenye kioo nilimwona ameachama, midomo imebadilika rangi. Nikaondoa mguu. Akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni.

"Dada," alinong'ona. "Usikanyage."

Sadfa, nikajiambia. Nikakanyaga tena, kidogo tu.

Fiiii...

Akakatika.

Nikaachia. Akarudi.

Nilisimama, nikazima injini, nikapunga mikono barabarani. Malori ya miwa yakapita. Hakuna aliyesimama. Tukaendelea kwa mwendo wa ng'ombe, na kila pumzi yake ikawa fupi kuliko iliyotangulia. Nikienda pole, hatafika. Nikikimbia...

Taa za mji zikaonekana.

"Tutafika?" aliuliza.

Nilipiga hesabu ya umbali uliobaki.

"Shika pumzi, Eugene. Dakika nne tu."

Nikakanyaga.

Tulifika. Daktari alimtazama mara moja, akavua glavu.

Baada ya mazishi Shikanga alizitoa zile plagi akanionyesha. Kavu, rangi ya biskuti. Vitabu vinasema hiyo ndiyo rangi ya injini yenye afya kamili.

Jana tulinyolewa nywele. Hakuna mwingine aliyebaki, kwa hiyo wazee wameniwekea funguo mezani. Sijazigusa. Gari liko uani, halina plagi hata moja. Zote ziko kwenye kopo la Shikanga.

Lakini tangu jioni nasikia mluzi. Mwembamba, unapanda, unashuka.

Nimefungua dirisha ili nijue unatoka uani, au...

Nimeshika pumzi nisikilize.

Umenyamaza.