Simu ya Mwalimu Koku na Radi ya Jumamosi

Mwalimu Kokuberwa alikulia Muleba, Kagera, na kule radi si mchezo. Tangu utotoni alifundishwa: mbingu ikinguruma, zima kila kitu. Sasa anaishi Mbagala, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na tabia hajaiacha. Wanawe humcheka. Waache wacheke, kila mtu na malezi yake.

Jumamosi moja alikuwa jikoni, ndizi ziko motoni. Simu yake ilikuwa kwenye chaja, inapokea maboresho mapya, yale ambayo vijana huyaita apdeti. Mara mvua ikashuka na radi ikapiga. Mwalimu akaacha mwiko. Akazima televisheni. Akazima friji. Akaichukua na simu, akabana kitufe mpaka ikazimika.

Mvua ilipokatika akaiwasha. Nembo ya kampuni ikatokea, kisha giza. Nembo tena, giza tena. Ikawa ndiyo kazi yake, hiyo hiyo, mpaka ndizi zikaungua.

"Usihangaike, mke wangu," alisema Gozbert, mumewe. "Pale stendi kuna fundi. Ataiflashi mara moja."

"Kuiflashi ndiyo nini?"

"Ataisafisha yote, iwe kama mpya."

Mwalimu akakaa chini. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake. Ulikuwa ujumbe wa mwisho, aliomtumia kutoka Muleba wiki moja kabla ya kufariki. Hakuwa nao mahali pengine popote.

"Iwe kama mpya, halafu mama nimpate wapi?" aliuliza. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Gozbert akamwinua. Wakaenda kwa jirani yao Manal, binti anayetengeneza simu kwenye duka la baba yake.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Niokolee sauti ya mama yangu."

Manal aliitazama simu. "Uliizima ikiwa katikati ya maboresho?"

"Radi ilipiga, mwanangu."

Manal hakucheka. "Basi ni kama mtu aliyekuwa anahama nyumba, akazuiwa njiani. Vyombo nusu viko huku, nusu viko kule. Haijui ilale wapi."

"Sasa fundi wa stendi aiflashi?" Gozbert aliuliza.

"Hapana, baba. Kuiflashi mara nyingi hufuta picha na sauti zote. Hiyo ni dawa ya mwisho, si ya kwanza."

Akaichaji kwanza. Akatoa laini na memori kadi. Akabana pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, akahesabu mpaka ishirini. Nembo ikatokea, kisha giza. Mwalimu akafumba macho.

"Bado kuna njia," alisema Manal. Safari hii alibana cha kuwashia na cha kuongeza sauti. Ikatokea orodha ya maneno.

"Tazama, mwalimu. Mistari hii miwili yote inafuta. Huu wa kwanza unafuta takataka za muda tu. Ni kufagia jiko, masufuria hayaguswi. Huu mwingine unabeba hadi masufuria. Usibonyeze usichokielewa. Tena simu hutofautiana vitufe, usipojua, uliza."

Akachagua ule wa kwanza. Wakasubiri. Nembo ikatokea, ikakaa, ikakaa. Simu ikafunguka.

Kabla ya lolote, Manal alimwambia mwalimu autume ule ujumbe kwenye simu ya Gozbert, na nakala nyingine kwenye barua pepe yake.

"Kitu unachokipenda kikae zaidi ya mahali pamoja," alisema. "Na kabla ya maboresho, chaji ijae. Radi ikipiga, chomoa chaja ukutani. Simu yenyewe iache imalize kazi."

Miezi miwili baadaye maboresho yalikuja tena. Chaji ilikuwa imejaa. Katikati ya kazi, radi ikapiga. Mwalimu akazima televisheni, akazima friji, akachomoa chaja. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha simu. Akaurudisha, akaukalia.

Simu ilimaliza, ikawaka vizuri. Mwalimu akafungulia sauti ya mama yake, ile yenye kikohozi mwanzoni.

"Koku mwanangu, huku mvua ni kubwa. Na huko kwenu radi ikipiga, uzime kila kitu."

"Nimechomoa, mama," akajibu mwalimu.