Kamera Iliyopiga Hodi

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba za mtaa wetu wa Mudzipela tulipotoka, mimi na shemeji yangu Bruno, kwenda kutafuta chombo cha kutunza sura za watu wetu.

Niseme kwanza sababu.

Mume wangu, Louis, alikuwa anachukua samaki Kasenyi, kando ya ziwa, na kuwauza hapa Bunia. Mtumbwi wao ulizama ziwani. Mwili ulipatikana. Simu yake haikupatikana, na picha zetu zote zilikuwa ndani ya simu ile: ndoa yetu, ubatizo wa mtoto wetu Abigaël, yeye mwenyewe akicheka. Siku ya mazishi tulikuza picha ya kadi yake ya mpiga kura, karte kama tunavyoiita, tukaiweka juu ya jeneza. Macho yametoka. Mdomo umefungwa. Watu walipita wakimtazama kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nilimwomba Mungu anipe uvumilivu. Bado ninauomba.

Kwa hiyo matanga yalipokwisha nilisema simu hapana. Simu inaondoka na mwenyewe. Nilitaka kitu cha kukaa nyumbani, juu ya kabati, karibu na Biblia. Mama mkwe wangu, Mama Immaculée, alikuwa amezeeka, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Abigaël alikuwa anaanza shule. Mmoja alikuwa anaondoka polepole, mwingine anakua. Na huyo anayekua ndiye pekee niliyebakiwa naye.

Nyuma ya soko tulikuta kibanda ambacho sikuwahi kukiona. Mwenyewe alikuwa anauza vitu vilivyotumika, vya kutoka Uganda: redio, pasi, nyaya. Harufu ya mahali pale ilinishangaza. Ilikuwa harufu ya maji ya ziwa. Ya nguo iliyolowa na kuachwa ndani ya mfuko.

Bunia hakuna ziwa.

Mtu yule aliweka vitu viwili juu ya meza. Kimoja kamera ya picha, ndogo, bapa. Kingine kamera ya video, ya zamani, yenye kioo kinachofunguka ubavuni.

"Ya picha ao ya video?" aliuliza.

"Ya video," Bruno alijibu. Bruno ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, na wamotari wa Bunia hawajui kunyamaza. "Shemeji, picha tulishaona faida yake. Unataka siku ya mama pia tuweke kichwa cha karte?"

"Funga kinywa, Bruno. Mama yako iko muzima."

"Njo maana nasema! Tumukamate angali anatutukana."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike Louis.

Muuzaji hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mutu wa mu picha anakaaka. Wa mu video anatembeaka."

"Njo vizuri," Bruno akasema.

"Anasemaka pia. Kwenu munapendaka kuitika?"

"Papa, siye ni watu wa adabu. Mutu akisema, tunaitika."

Yule mtu alinitazama mimi, si Bruno. "Basi mama achague."

Nilishika ya picha. Ilikuwa nyepesi, na baridi. Nilishika ya video... ilikuwa na joto, kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Nilifikiria sauti ya Louis, ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Picha isingenipa sauti ya mtu yeyote.

Nilichagua sauti.

Kesho yake, giza likianza kuingia, tulikaa sebuleni kabla ya rozari. Mama Immaculée alikuwa kwenye kona yake akimenya maharagwe. Bruno alifungua kile kioo kidogo.

"Iko na kanda ya watu ndani," alisema. "Ngoja tuone."

Ilionekana sebule, si yetu. Kiti cha plastiki cha kijani. Juu yake mwanaume amekaa, kichwa chini, shati limelowa mpaka shingoni. Hakuna aliyekuwa naye. Tulisikia maji yakidondoka.

Tone.

Tone.

Kisha aliinua kichwa.

"Hodi," alisema.

Bruno alinitazama, nami nikamtazama. Yule mtu alingoja. Hakuwa anatazama kama mtu anayepigwa video. Alikuwa anatazama kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Hodi, watu wa humu..."

Sasa mnielewe. Mama Immaculée hakuona kioo. Alisikia mtu anapiga hodi, basi. Na yeye katika maisha yake hakuwahi kumwacha mtu nje. Wakati wa vita alifungulia mlango watu ambao hata lugha yao hakuijua. Alilea watoto wake hivyo, na mimi nilimlea Abigaël hivyo: mkubwa akipiga hodi, unaitika.

"Karibu, mutoto wangu," alisema mzee. "Ingia. Mbona unabakia inje?"

Mtu yule alisimama. Alitembea polepole kuelekea ukingo wa kioo. Akatoka.

Kiti kilibaki peke yake.

Bruno alifunga kioo haraka.

"Munafunga ya nini?" Mama Immaculée aliuliza. "Mugeni ashaingia. Mumupe kiti."

Tangu jioni ile harufu ya ziwa ilihamia kwetu. Asubuhi nilikuta saruji imelowa karibu na kitanda cha mzee, na mvua haikuwa imenyesha. Kila jua lilipozama alikuwa anaongea kwa kunong'ona, anatulia, anaongea tena.

"Mama, unaongea na nani?"

"Louis amerudia."

"Mama, Louis iko kwa Bwana."

"Weye ulimukuta mukubwa," alinijibu. "Miye nilimuzaa. Nani anamujua?"

Sauti ya mtu wa kwenye kanda haikuwa ya Louis. Mimi nililala karibu na sauti ya Louis miaka yote ya ndoa yangu. Lakini mama aliyefiwa anasikia kile anachokihitaji. Simlaumu. Ninamlaumu yule aliyejua hivyo na kuitumia njaa yake.

Padre alikuja. Alinyunyiza maji ya baraka katika kila chumba, akasali, akasema tukichome kile chombo. Bruno alisema atakichoma mwenyewe. Hakukichoma.

Mama Immaculée alifariki saa ya sala ya jioni, ameketi. Nguo zake zilikuwa kavu. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Daktari alisema ni moyo.

Katika matanga watu waliketi mbali nami. Shangazi wa Louis, Mama Madeleine, alisema kwa sauti ili nisikie, "Kwanza bwana, sasa mama ya bwana. Nyumba hii iko na kinywa, inakula watu." Niliendelea kuwapa chai. Mungu aliona mikono yangu.

Walipoondoka tulibaki watatu: mimi, Bruno, na mtoto. Mwanga ulikuwa bado dirishani, mwekundu. Nilimsikia Bruno akilia chumbani kwa mzee. Nikaenda. Abigaël alinifuata.

Bruno alikuwa amefungua kioo cha kamera.

Mama Immaculée alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kijani.

"Angalia, shemeji," Bruno alinong'ona. "Iko humu. Mama iko humu."

"Bruno, leta tuchome. Padre alisema."

"Unataka nichome mama yangu?"

"Huyu si mama."

"Weye ulibakia na karte ya Louis," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. "Miye nimebakia na sauti. Unanionea wivu?"

Ilikuwa kweli. Nilimwonea wivu. Hata sasa.

Tone.

Tone.

Mzee aliinua kichwa. Macho yake hayakuwa na ukungu tena. Yalikuwa safi, na yalimtafuta mtoto wangu.

"Abigaël. Mujukuu wangu. Hodi..."

Mtoto alifungua kinywa. Nilimrukia, nikamziba kwa kiganja. Aliniuma. Nilisikia meno yake yakiingia, sikuachia.

"Hodi, Abigaël. Baridi inaniuma. Mbona unaniacha inje?"

Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza chini ya mkono wangu. Nilijua neno analotaka kulisema. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe. Machozi yake yalipita kati ya vidole vyangu, kwa sababu alimpenda bibi yake, na hakuelewa kwa nini mama yake amekuwa mkatili namna hii.

"Hodi..."

"Musimuache hivyo!" Bruno alipiga kelele. "Mama! Karibu, mama! Karibu!"

Nilimwona mzee akisimama ndani ya kioo. Nilimwona akitembea kuelekea ukingo, akitoka.

Kiti kilibaki peke yake.

Bruno aliweka kamera ndani ya jaketi lake. Alisema anaipeleka Mahagi, kwa ndugu za mama, nao wamsikie. Nilimshika mkono. Aliutoa taratibu, kama mtu mwenye haraka asiyetaka kugombana. Pikipiki iliondoka ikipiga kelele barabarani, na harufu ya ziwa iliondoka nayo.

Pikipiki yake ilipatikana njiani, imeegemezwa vizuri kwenye mti, funguo zikiwa mahali pake. Kamera haikuonekana. Bruno hakuonekana, mzima wala maiti. Nilirudi nyuma ya soko kumtafuta muuzaji. Wauza viazi walisema pale hapajawahi kuwa na kibanda.

Sasa majirani wanasema binti yangu hana adabu. Wanapiga hodi, yeye yuko uani, anawatazama tu. Mama Madeleine alisema nimelea mnyama. Waacheni waseme. Anayetaka kuingia kwangu anaita kutoka barabarani, mchana, nami natoka nje kumwangalia kwanza.

Lakini kuna jioni ambazo mtu anafika mlangoni. Tunasikia miguu ikisimama. Tunasikia pumzi.

"Hodi... Shemeji, ni miye. Fungua basi, nimechoka. Nimetembea kwa miguu tangu mbali."

Ni sauti ya Bruno. Hata kikohozi ni chake.

Hatujamzika Bruno. Hakuna aliyeona maiti yake. Inawezekana ni yeye, mzima, mwenye njaa, amesimama gizani mbele ya mlango wa ndugu zake, na mimi Mkristo ninamnyima neno moja.

"Shemeji... Nilikukosea nini?"

Ninashika rozari, ninasali bila sauti. Zamani nilikuwa ninamrukia Abigaël kumziba.

Siku hizi hapana haja. Anaweka kiganja chake mwenyewe juu ya mdomo, anakibana kwa mkono wa pili, na ananitazama mpaka miguu iondoke.