Upanga Nilioubeba kwa Mikono Yangu

— Simamisheni ngoma! Huu si upanga wetu!

Bapu Ranmalsinh, ba'mkubwa wa bwana harusi, alikuwa amekwisha kuuchomoa upanga kwenye ala mbele ya moto. Katika ua wa jumba lile la zamani hapa Bhavnagar, hata wapishi wakatoka jikoni na miko yao.

Aliyeubeba upanga ule kwenye mto mwekundu, mbele ya ngoma na wageni mia tatu, ni mimi. Mimi Mahipatsinh, msafisha silaha wa makumbusho, niliyempenda bibi harusi miaka minne na kukataliwa na ukoo wake kwa neno moja: "Babu yako alikuwa bawabu."

Bwana harusi, Yashpal, alikuwa melini, bahari ya mbali. Kwa hiyo wakarudi kwenye desturi ya enzi za wafalme wetu: mume asipofika, upanga wake unaoa badala yake. Kuhani alisita asubuhi ile, Bapu akamkaripia mbele yetu sote:

— Upanga ukifika, mume amefika! Mzunguko wa nne ukiisha, hata mfalme afufuke hawezi kuivunja ndoa!

Na Harshaba, bibi harusi, uso ndani ya mtandio, alikuwa ameukumbatia upanga akazunguka moto mara nne. Ilibaki Bapu, kwa niaba ya Yashpal, kumpaka rangi nyekundu ya wake za watu kwenye njia ya nywele kwa ncha ya upanga. Ndipo akauchomoa.

— Soma hapo penye maandishi, kuhani akamwambia.

— "Hamirsinh, mlinzi wa lango," Bapu akasoma. — Hamirsinh ndiye nani?

Nilitaka ardhi inimeze.

— Ni babu yangu, Bapu. Alipewa na mfalme siku bendera ya dola iliposhushwa, nami nikaurithi.

— Mwizi wewe! Umetubadilishia!

— Naapa sijui! Mlinipa upanga wenu niusafishe, jana nikaufunga kitambaa mwenyewe na kuuvika kilemba kwenye mpini!

Vijana wawili walikwisha kunikwida shati. Sauti ikatoka ndani ya mtandio, tulivu kabisa:

— Mwacheni. Nimebadilisha mimi, nikahamisha na kitambaa na kilemba.

Masikini mimi, nikakumbuka. Jana aliniandikia: "Nakuja karakanani kwako kuagana. Nitafutie ganthiya za dengu, za moto, za pale kona, ndiyo chakula chetu cha mwisho." Nikatoka mbio kama mjinga. Niliporudi hayupo, ganthiya zikapoa, nami nikalia juu ya benchi bila hata kutazama ukutani, unapotundikwa upanga wa babu.

— Wenu uko karakanani kwake, Bapu, kwenye msumari wa upanga huu, mzima, Harshaba akaendelea. Sikuiba kitu.

— Binti huyu ana wazimu! Ndoa hii haipo! Leteni upanga wetu tuanze upya!

Simu ya Bapu ikalia. Ni Yashpal, kutoka melini. Bapu akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie aibu aliyotendewa.

— Mwanangu, wametuvunjia heshima! Amezunguka na upanga wa bawabu!

— Mara ngapi?

— Nne!

Tukasikia kicheko kidogo.

— Ba'mkubwa, si ulisema upanga ukifika mimi nimefika? Basi sikufika. Na nilikwambia toka mwanzo, usimlazimishe mtu.

Simu ikakatika. Bapu akamgeukia bibi yake Harshaba, mwenye nyumba, yuleyule aliyenifukuza mlangoni miaka miwili iliyopita.

— Mama, wewe ndiye mkubwa hapa. Sema neno. Sema haihesabiki!

Bibi akainuka kwa fimbo yake, akautazama ule upanga.

— Ranmal, mimi niliolewa na upanga kwenye ua huuhuu. Mume wangu nilimwona siku ya tisa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nililia mpaka macho yakavimba, wakaniambia nyamaza, mizunguko minne imeisha. Leo unataka niseme haihesabiki?

— Hii ni tofauti, Mama!

— Tofauti yake nini? Isipohesabika ya huyu, na yangu haikuhesabika. Basi wanangu niliwazaa na nani? Niambie, mbele ya watu hawa.

Bibi akanigeukia, na mimi nikarudi nyuma hatua moja, maana fimbo ile naijua.

— We mjukuu wa bawabu. Unamtaka au humtaki?

— Namtaka, Bibi. Lakini...

— Lakini nini?

— Nilikuja kumwozesha kwa mtu mwingine. Sijavaa hata viatu vya maana.

Watu wakaangua kicheko, na wanawake wa uani wakapiga vigelegele kabla ya kuruhusiwa. Bibi akauchukua upanga mkononi mwa Bapu, akanikabidhi. Nikaupokea kwa mikono miwili. Harshaba akainua mtandio kidogo, macho mekundu, akaniinamishia kichwa.

— Ulichelewa na ganthiya, akaninong'oneza.

Mimi bado nimeduwaa. Bibi akanigonga kifundo cha mguu kwa fimbo.

— Funga mdomo, Mahipat, nzi wataingia. Mpake rangi mkeo.